Nani Alilipa Mazimbu? SUA na miaka 40 ya kusaka fedha za utafiti

Tarehe 9 Julai 1992 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilirudisha Mazimbu mikononi mwa serikali ya Tanzania. Kilirudisha madarasa, mabweni, hospitali, karakana, shamba, mabanda ya mifugo, na makaburi ya watu wao waliofia uhamishoni. Eneo likaenda kwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yaani SUA, kilichokuwa na umri wa miaka minane na kilichobanana kwenye miteremko ya chini ya Uluguru, upande wa pili wa mji wa Morogoro. Profesa Anselm Lwoga ndiye aliyekuwa makamu mkuu wa chuo. Kwa bajeti ya miaka ile, kampasi ya aina hiyo chuo kisingethubutu hata kuichora kwenye karatasi, na sasa kilikuwa nayo tayari, imeezekwa, ina barabara na mabomba ya maji.

SUA imekwisha kutimiza miaka 40, na pilau la sherehe limeliwa. Hotuba za sherehe husimulia wahitimu, majengo na tuzo. Mimi nataka kusimulia upande ambao hotuba huupitia mbio: fedha za utafiti zilitoka wapi, na serikali yenyewe ilitia nini.

Tuanze na Mazimbu kabla ya SUA. Baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao kupitia Botswana, Swaziland na Msumbiji. Wengi walitaka bunduki, lakini wakubwa wao waliona kwamba walio wadogo walihitaji kwanza daftari. Kwa ANC Morogoro haikuwa mahali pageni, kwani chama kilikuwa kimefanya hapa mkutano wake mkubwa wa mwaka 1969, kuanzia mwishoni mwa Aprili, na kwa miaka kadhaa kiliendesha shughuli zake kutoka mji huu. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikawapa shamba la mkonge lililoachwa. Nyumba za zamani za shamba zikakarabatiwa, na mwaka 1978 masomo yakaanza. Tarehe 6 Aprili 1979 serikali ya makaburu ilimnyonga Solomon Mahlangu mjini Pretoria akiwa na umri wa miaka 22, nayo shule ikachukua jina lake. Wenyeji waliifahamu zaidi kwa kifupi chake, SOMAFCO.

Majengo yalijengwa kwa fedha za wengi. Wasweden, Wanorway, Wadenishi na Waholanzi walitoa michango kupitia serikali zao na kupitia vyama vya mshikamano. Ujerumani Mashariki ilileta walimu. Hospitali iliitwa ya Mshikamano wa ANC na Holland, jina linalotaja mfadhili bila kumficha. Kulikuwa na kituo cha watoto kilichoitwa kwa jina la Charlotte Maxeke, na kiwanda cha samani cha Vuyisile Mini. Oliver Tambo, rais wa ANC, alikuja kuizindua shule rasmi tarehe 22 Agosti 1985, wakati ilikuwa imeshafundisha kwa miaka saba. Watu wa Mazimbu hawakusubiri utepe ukatwe ndipo waanze kazi, na hilo napenda kulikumbusha kwa sababu siku hizi mambo huwa kinyume.

Tanzania ilitoa nini? Ilitoa ardhi, ulinzi, na uvumilivu wa kubeba hasira za Pretoria. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera ikiwa haina kitu hazinani. Yapo mahesabu ya misaada yanayoonyesha kroni na gilda zilizoingia Mazimbu, lakini ekari za mkonge hazimo kwenye safu yoyote. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Mchango wa mwenye nyumba hauandikwi kwenye vibao.

SUA nayo ilizaliwa kwa njia inayofanana. Mwaka 1965 palikuwa na chuo cha kilimo Morogoro kikitoa stashahada. Kisha kikawa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikaongezewa misitu na tiba ya mifugo. Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu, alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoa huu huu, tarehe 12 Aprili 1984 akitoka Dodoma. Tarehe 1 Julai mwaka huo kitivo kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge Na. 6 ya 1984, na kikapewa jina lake. Makamu mkuu wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Hapa pia fedha za nje zilikuwepo: misitu, kwa mfano, ilisimama kwa msaada wa Norway tangu miaka ya 1970, na msaada huo uliendelea kwa miongo kadhaa kwa majina mbalimbali. Mzee yeyote aliyefundisha hapo atakutajia PANTIL na EPINAV kama mtu anayetaja majina ya wajukuu.

Chuo kilizaliwa wakati mbaya. Miaka ya 1980 serikali ilikuwa ikikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na cha kwanza kukatwa katika bajeti yoyote ni kile ambacho kukosekana kwake hakuonekani mwaka huo huo. Mshahara ukichelewa watu hupiga kelele. Vitendanishi vya maabara vikikosekana, mtafiti huenda nyumbani kulima bustani yake na hakuna gazeti litakaloandika. Hazina ililipa mishahara, ilijitahidi kwa umeme na chakula cha wanafunzi, basi. Aliyetaka kufanya utafiti aliandika andiko, akalipeleka Oslo, Brussels, Tokyo au Washington, akangoja.

Nisieleweke kwamba naubeza msaada huo. Ulizaa kazi ambazo nchi inakula mpaka leo, kwa maana halisi ya kula. Maharage ya SUA 90, yaliyoidhinishwa mwaka 1990, yalitokana na mradi wa maharage na kunde uliofadhiliwa na serikali ya Marekani, SUA ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Washington State. Baadaye zikafuata mbegu za Rojo, Mshindi na Pesa. Hizi si kazi za mwaka mmoja. Mbegu huchavushwa, hupandwa, huchaguliwa, hupandwa tena msimu baada ya msimu, huonjwa na akina mama wanaojua lipi linaiva haraka kwa kuni chache, kisha ndipo huombewa kibali. Mradi ukikatika katikati, miche iliyochaguliwa hufa na miaka yote huenda nayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni panya. Mkulima wa Morogoro akifukia punje za mahindi mvua za kwanza zikinyesha, panya wa shamba huja usiku na kufukua tundu kwa tundu kwa kufuata mstari wa kamba ya kupandia. Kuna miaka wanakuwa wachache, na kuna miaka wanafurika mpaka mtu anapanda mara mbili na mara tatu. Kwa nini? Watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walitenga eneo la hekta 3, na tangu mwaka 1994 wakawa wanatega mitego kila mwezi, usiku tatu mfululizo, wanampima kila panya, wanamtia alama na kumwachia. Takwimu hizo zilionyesha jinsi idadi ya panya inavyofuata mvua na wingi wa panya wenyewe. Mvua za mwanzo zikiwa nyingi, panya huanza kuzaa mapema, na msimu unaofuata ni kilio. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997. Kutokana na panya hao hao vilevile kilitambuliwa kirusi kilichopewa jina la mji wetu, kirusi cha Morogoro, ndugu wa kile cha Lassa. Heri hiki kimekaa kwa panya bila kutuletea maradhi yanayojulikana.

Jarida la Nature halinipi shida. Ninachotaka msomaji akione ni huo mfululizo wa mwezi baada ya mwezi. Thamani ya kazi ile imo katika kutokatika. Na kwa miaka mingi aliyehakikisha haikatiki alikuwa mlipakodi wa Ubelgiji, ambaye shamba lake la mahindi, kama analo, haliliwi na panya wetu.

Kutoka kwenye mazingira hayo hayo likaja shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997 kwa fedha za ushirikiano wa maendeleo za serikali ya Ubelgiji, likahamia SUA mwaka 2000. Linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Waliocheka mwanzoni walikuwa wengi, na siwalaumu; panya buku kwa mtu wa Morogoro ni mboga au ni mwizi wa karanga. Lakini Msumbiji ilitangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena maeneo ya mabomu yanayojulikana, na panya waliofundishwa hapa walikuwa na sehemu yao katika kazi hiyo. Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia, aligundua mabomu 71 ya ardhini na silaha nyingine 38 ambazo hazijalipuka, akavishwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020. Ukimuuliza mtu wa London panya huyo ni wa wapi, kuna uwezekano atasema Kambodia.

Sasa nipande milima ya Uluguru, maana huko serikali iliwahi kutoa fedha na ikashindwa. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wataalamu walikuwa na hoja: mmomonyoko ulikuwa unaushusha udongo mtoni. Dawa waliyoileta ilikuwa matuta ya ngazi, na kila Mluguru alilazimishwa kuyachimba kwa siku alizopangiwa, asiyechimba atozwe faini. Waliochimba waliona udongo wa chini, usio na rutuba, ukigeuzwa juu na mazao yakidumaa. Julai 1955 watu wa Matombo wakakataa, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukazikwa mwaka huo huo. Fedha zilikuwepo na wataalamu walikuwepo. Aliyekosekana ni wa kumuuliza mwenye shamba.

SUA ilipopanda milima ile ile miaka ya 1990 ilikuwa imelisoma somo hilo. Kulikuwa na mradi wa UMADEP, na baada yake kituo cha maendeleo endelevu vijijini kilichosaidiwa na Wajapani kupitia JICA kuanzia 1999 hadi 2004, kikifanya kazi Uluguru na kwa Wamatengo wa Mbinga. Huko Mbinga watafiti walikaa chini na kujifunza ngoro, mashimo ambayo Wamatengo wamelimia miteremko kwa vizazi vingi bila kuupoteza udongo, kabla ya kumshauri mtu jambo lolote. Na mwaka 1993 walimu wa SUA walisaidia wakulima kuanzisha mtandao wao, MVIWATA, ambao makao yake makuu yako Morogoro mpaka leo. Kwa maoni yangu MVIWATA ni moja ya mavuno makubwa ya chuo hiki, ingawa haina bango wala hakimiliki.

Tuje kwa serikali yetu yenyewe. Mtu asiseme haikuwahi kuwa na nia. Sheria ya kuunda baraza la taifa la utafiti wa kisayansi, UTAFITI, ilitungwa mwaka 1968. Mwaka 1986 ikatungwa sheria ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyochukua nafasi yake. Mwaka 1995 ukaundwa Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, ili mtafiti wa Tanzania awe na mlango wa kubisha hapa hapa nchini. Mlango ulijengwa vizuri. Ndani ya chumba, kwa miaka mingi, hamkuwa na kitu cha maana.

Mabadiliko yalikuja chini ya Rais Jakaya Kikwete, aliyeahidi kwamba serikali itafikisha asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, lengo lililowekwa na Umoja wa Afrika kwa wanachama wake wote. Mwaka wa fedha 2010/11 serikali ilitenga shilingi bilioni 30 kwa utafiti. Watafiti ambao hawakuwahi kuandika andiko kwa serikali yao wakaanza kuandika kwa COSTECH. Mwaka 2013 matumizi ya nchi kwa utafiti, yakijumlishwa ya serikali, ya wafadhili na ya wengine, yalikuwa takriban nusu ya asilimia moja ya pato la taifa. Nusu ya ahadi si haba kwa nchi kama yetu, lakini ndani ya nusu hiyo fedha za nje zilikuwa na uzito mkubwa.

Tangu hapo kasi imekuwa ya kupanda na kushuka. Tangu 2019 kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yanayomtoa gizani fundi wa mtaani aliyebuni mashine yake bila kuona mlango wa chuo kikuu. Wizara ya Elimu imeweka zawadi ya fedha kwa wahadhiri wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya dunia. Jambo jema, ingawa zawadi humfikia aliyekwisha kumaliza kazi, na shida yetu ni ya yule ambaye hajapata hata ya kuanzia. Mwaka wa fedha 2022/23 bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 hadi bilioni 954, na ndani yake fungu la utafiti lilipanda kutoka takriban bilioni 11.6 hadi bilioni 40.7. Sehemu kubwa ya hilo ni ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, na ni haki yake, kwa kuwa mbegu za taifa ni kazi yake. SUA iko chini ya wizara nyingine. Mhadhiri wa Mazimbu na mtafiti wa TARI kule Ilonga wanaweza kuwa wanahangaika na mdudu mmoja kwenye mahindi yale yale ya Kilosa huku kila mmoja akingoja fungu kutoka wizara yake.

Halafu kuna mikopo, na hapa ndipo hesabu za watu wengi huchanganyikiwa. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilianza awamu ya vituo vya umahiri kwa Afrika Mashariki na Kusini. Tanzania ilipata vinne, na viwili kati ya hivyo viko SUA: kimoja cha udhibiti wa panya waharibifu na teknolojia ya kutumia wanyama kunusa, kingine cha SACIDS, kinachofuatilia magonjwa ya kuambukiza ya binadamu na wanyama. Kila kituo kilitengewa hadi dola milioni 6. Mwaka 2021 ukaja mradi wa HEET wa dola milioni 425 kwa vyuo vikuu vya nchi nzima, SUA ikiwa mojawapo. Vijiweni utasikia watu wakisema hii nayo ni fedha ya wazungu. Si kweli. Ni mkopo, na atakayeulipa ni muuza nyanya wa Mgeta anaponunua vocha na mafuta ya taa. Serikali inapokopa kwa ajili ya maabara imeamua kwa niaba yetu kwamba maabara ina thamani ya deni. Uamuzi huo naupongeza, na kwa sababu ni deni letu tuna haki ya kuuliza mashine zilizonunuliwa zinafanya kazi au zimefunikwa vitambaa zikingoja fundi kutoka nje.

Mazimbu ya leo inaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Katika madarasa yaliyojengwa kwa vijana wa Soweto wanasoma vijana wa Kitanzania sayansi asilia, ualimu, tehama na sayansi za jamii. Makaburi yametunzwa na wageni kutoka Afrika Kusini huja kuyazuru. Majengo yenyewe yamekula chumvi na wanafunzi wamekuwa wengi kuliko aliyeyachora alivyofikiria. Waliojenga pale walijua kwa nini wanajenga. Wafadhili walikuwa wengi, lakini mitaala, sheria za shule na mipango ya shamba viliamuliwa na ANC yenyewe, maana walikuwa wanaandaa watu wa kuendesha nchi. Uhuru huo wa kujiamulia ndio SUA ilioupata kwa shida katika miaka 40 yake. Mradi unapotoka Oslo au Brussels huja na vipaumbele vya Oslo na Brussels. Wakati mwingine vinalingana na vyetu, kama kwa panya. Kuna wakati havilingani, na ndipo viroboto wa kuku, mihogo inayooza baada ya siku mbili, au ndizi za Matombo zinazofika Kariakoo zimeshapondeka hubaki bila mtu wa kuzishughulikia, maana hakuna tangazo la ruzuku lililozitaja.

Ndiyo maana fedha ya ndani, hata ikiwa ndogo, ina kazi ambayo ya nje haiwezi. Si lazima ijenge kila kitu. Ingetosha kulipia mambo mawili matatu kwa uhakika: mfululizo wa takwimu usiokatika, mtafiti kijana anayetaka kujaribu wazo lake la kwanza, na maswali ya mkulima ambayo hayana mfadhili. Kwa hayo hatuhitaji sheria mpya wala tume mpya. MTUSATE upo tangu 1995, COSTECH ipo, na chuo kipo. Kinachokosekana ni chanzo cha kudumu cha mfuko huo, kisichongoja huruma ya kila mwaka wa fedha.

Wabunge wa Morogoro na wenzao wakikaa Dodoma mwezi Juni kupitisha bajeti, wamuulize waziri swali moja kuhusu MTUSATE, nalo lisiwe mfuko umetengewa kiasi gani. Liwe mwaka uliopita ulipokea kiasi gani, na kwa tarehe gani.